Jinsi ya Kupiga Picha ya Sehemu Tu ya Skrini ya Kompyuta: Mwongozo Kamili kwa Windows, Mac na Linux

Swali hili limerudi kwangu mara nyingi mno, na mkwamo huwa uleule. Mtu amebonyeza vitufe sahihi, amezungushia sehemu anayoitaka, kisha anasema picha "haionekani popote". Mwingine hupiga skrini nzima halafu huhangaika kuikata ndani ya hati. Wapo pia wanaoinua simu na kuipiga picha kompyuta yenyewe, ikatoka na mistari ya rangi, mng'ao wa taa na maandishi yaliyopinda.

Mwongozo huu unashikilia kanuni moja: kata wakati unapiga, usipige kisha ukate. Ukichagua sehemu tangu mwanzo, kile usichotaka kionekane hakiingii kabisa katika picha. Ukikata baadaye, wakati mwingine kile ulichodhani umekitoa bado kimo ndani, na nitakuonyesha jinsi kinavyobaki.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11, au Mac yenye macOS Mojave (2018) au toleo la baadaye, au Linux ya kawaida yenye mazingira ya eneo-kazi (madirisha na menyu unazoziona) ya GNOME au KDE. Zana unayo tayari, usipakue chochote.
- Kibodi yenye vitufe vya Shift, Ctrl na Windows (au Command) vinavyofanya kazi. Vitufe hivi hubonyezwa pamoja, kimoja kikigoma hatua nzima inakwama.
- Kipanya, ikiwezekana. Padi ya kugusa inatosha, ila kuburuta kwa usahihi kwa kidole kunahitaji mkono uliotulia.
- Mahali pa kubandika picha: barua pepe, hati, au dirisha la mazungumzo. Pafungue kabla hujaanza. Sababu yake iko katika sehemu inayofuata.

## Kwanza elewa picha inakwenda wapi

Tafadhali usiruke sehemu hii, maana hapa ndipo wengi hupotelea.

Picha ya sehemu ya skrini inaweza kwenda mahali pawili. Pa kwanza ni ubao wa kunakili, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia unaponakili na kubandika. Pa pili ni faili ndani ya folda, linalobaki hata ukizima mashine.

Ubao wa kunakili hauna dirisha lake linalofunguka. Picha inapoingia humo, hakuna kinachobadilika mbele ya macho yako, ndiyo maana watu hudhani imeshindikana na kupiga tena na tena. Isitoshe, kwa kawaida ubao huo hushika kitu kimoja tu. Ukipiga picha, kisha ukanakili sentensi moja kabla ya kuibandika, sentensi imechukua nafasi ya picha.

Kwa hiyo, kila mara kabla ya kubonyeza chochote, jiulize: nataka kubandika sasa hivi, au nataka faili la kutunza? Jibu lako ndilo litakaloamua vitufe.

## Hatua ya 1: Andaa skrini

Fungua kitu unachotaka kukipiga na ukiweke wazi, kisifunikwe na dirisha jingine. Funga vidirisha vya arifa. Kama unapiga ukurasa wa kivinjari, tazama vichupo vilivyo juu: majina yake husomeka vizuri tu katika picha, na huenda yakaeleza mambo yako kuliko unavyopenda.

Kisha kuza maandishi kabla ya kupiga. Katika kivinjari na programu nyingi, shikilia Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha. Kwenye Mac tumia Command. Picha ya skrini imeundwa na pikseli, yaani nukta ndogo za rangi, zilezile zilizokuwa mbele yako, haina nyingine za akiba. Eneo lenye upana wa pikseli 300 ukilivuta lifikie 900, kompyuta inalazimika kubuni pikseli za katikati, na maandishi yanakuwa na ukungu. Ukikuza kwanza, herufi zinachorwa upya zikiwa kubwa na kali. Ukimaliza, Ctrl na sifuri hurudisha ukubwa wa kawaida.

Utajua umefaulu ukiweza kukaa nyuma kidogo ya kiti chako na bado ukasoma kila neno lililo muhimu.

## Hatua ya 2: Amua mipaka kwa macho

Kabla mkono haujagusa kipanya, amua kona ya juu kushoto na kona ya chini kulia. Kuburuta bila mpango ndiko kunakotoa picha zenye nusu neno upande mmoja na nafasi tupu upande mwingine.

Acha ukingo mwembamba kuzunguka kitu chenyewe, kiasi cha upana wa herufi mbili. Picha iliyobana sana humfanya anayeitazama asijue anachokiona ni kidirisha kizima au kipande chake.

Kama unaomba msaada kuhusu hitilafu, ingiza kichwa cha kidirisha na namba ya kosa. Nimewahi kupokea picha nyingi zenye maneno "kuna tatizo" peke yake, huku namba ambayo ingenipa jibu ikiwa imeachwa sentimita moja chini. Anayekusaidia anaona ulichomchagulia tu. Na kama ujumbe wa kosa unaweza kunakiliwa, mbandikie pia maandishi yake, maana hawezi kutafuta maneno yaliyo ndani ya picha kwa urahisi.

## Hatua ya 3: Piga

### Windows 10 na 11

1. Shikilia kitufe cha Windows na Shift kwa pamoja, kisha gusa S. Shika viwili vya kwanza kwanza. S ikitangulia Shift, utafungua sehemu ya utafutaji badala ya zana ya picha.

2. Skrini itafifia kidogo na upau mdogo utatokea juu. Kufifia huko ni dalili njema: kompyuta inasubiri uchague. Hakikisha alama ya mstatili ndiyo iliyochaguliwa. Zipo pia alama za kuchora umbo huria, kuchukua dirisha moja na kuchukua skrini nzima. Mstatili utakufaa karibu mara zote. Umbo huria huacha kingo zilizochongoka ambazo hazipendezi katika hati.

3. Kishale kikishageuka alama ya kujumlisha, kiweke kwenye kona ya juu kushoto uliyoiamua. Bonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya na usiachilie. Buruta hadi kona ya chini kulia, kagua kingo zote nne, ndipo uachilie. Kukosea si tatizo: bonyeza Esc na uanze upya.

4. Arifa yenye picha ndogo itatokea pembeni, chini kulia. Picha tayari iko kwenye ubao wa kunakili. Kama unataka kubandika tu, achana na arifa hiyo. Kama unataka faili, ibofye. Programu ya kuhariri itafunguka, nawe utabofya alama ya disketi kuhifadhi.

Matoleo ya karibuni ya Windows 11 pia huhifadhi nakala yenyewe kwenye folda ya Pictures, ndani ya folda ndogo ya Screenshots. Ni msaada mkubwa, lakini una upande wa pili: kila unachokipiga, hata kile ulichokusudia kukitumia mara moja, kinarundikana humo. Ipitie folda hiyo mara kwa mara, hasa kama kompyuta inatumiwa na watu wengine.

Kama unapiga menyu inayojifunga mara ukigusa kitu kingine, tumia ucheleweshaji. Fungua programu ya Snipping Tool kutoka menyu ya kuanzia, chagua kusubiri sekunde chache (kwenye Windows 11 ni 3, 5 au 10), bofya kitufe cha picha mpya, kisha ukafungue menyu yako kabla muda haujaisha. Skrini itaganda menyu ikiwa wazi, nawe utaizungushia bila haraka.

Na je, kama unahitaji picha nne au tano mfululizo? Bonyeza Windows na V. Mara ya kwanza utaombwa uwashe historia ya ubao wa kunakili. Ukiiwasha, ubao utakumbuka hadi vitu 25, na utachagua ukitakacho kwa kukibofya. Kumbuka kwamba ukiwasha kompyuta upya, orodha hiyo hufutika isipokuwa vitu ulivyovibana kwa alama ya pini. Pia usiiwashe kwenye kompyuta isiyo yako: nywila utakayoinakili nayo inaweza kubaki humo.

### Mac

1. Shikilia Command na Shift, kisha bonyeza 4. Kishale kitageuka msalaba wenye namba mbili ndogo pembeni.

2. Buruta kutoka kona hadi kona. Namba zile sasa zinakuonyesha upana na urefu wa eneo, jambo linalofaa sana ukitaka picha kadhaa zenye ukubwa mmoja.

3. Hapa pana ufundi ambao wengi hawaujui, na ndio ninaoupenda kuliko yote katika mwongozo huu. Ukigundua katikati ya kuburuta kwamba umeanzia mahali pasipo sahihi, usighairi. Kidole kikiwa bado kimebonyeza, shikilia Space (kitufe kirefu cha nafasi): fremu nzima itahama popote unapoipeleka bila kubadilika ukubwa. Achilia Space, uendelee kuinyoosha. Ukishikilia Shift, fremu itanyooka upande mmoja tu.

4. Achilia. Utasikia mlio wa kamera ikiwa sauti imewashwa, na picha ndogo itaelea pembeni kwa sekunde chache. Faili halionekani kwenye eneo-kazi hadi picha hiyo iondoke. Watu wengi huanza kulitafuta mapema mno na kudhani limepotea. Subiri, au isukume picha ndogo kwenda kulia, na faili litatokea papo hapo.

Kwa hiyo Mac ni kinyume cha Windows: kwa desturi yake hutengeneza faili, haiweki picha kwenye ubao wa kunakili. Ukitaka kubandika moja kwa moja, ongeza kitufe cha Control katika mseto: Control, Command, Shift na 4.

Ukihitaji kuchukua dirisha moja kamili, bonyeza Command, Shift na 4, kisha gusa Space. Kishale kitakuwa kamera, nawe utabofya dirisha lenyewe. Picha hiyo huja na kivuli kipana. Shikilia Option unapobofya ili kivuli kiachwe.

Kwa ucheleweshaji wa sekunde 5 au 10, na kwa kubadilisha folda ya kuhifadhia, bonyeza Command, Shift na 5 na ufungue sehemu ya chaguo katika upau unaotokea chini.

Usishangae picha ikitoka kubwa mara mbili ya ulivyopima. Skrini za Retina, yaani skrini kali za Apple, hutumia pikseli mbili kwa kila kipimo kimoja, hivyo eneo la 400 kwa 300 hutoa picha ya pikseli 800 kwa 600.

### Linux

Katika GNOME 42 (2022) na matoleo yaliyofuata, bonyeza kitufe cha PrtSc (Print Screen). Fremu yenye kona za kushika itatokea. Rekebisha kila upande kwa utulivu, kisha bonyeza Enter. Picha huenda kote kuwili, kwenye ubao wa kunakili na kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio bora kuliko yote, kwa sababu unarekebisha kingo baada ya kuachilia kipanya, na hakuna swali la picha imekwenda wapi.

Katika KDE, kitufe hichohicho hufungua programu ya Spectacle. Chagua eneo la mstatili, buruta, thibitisha kwa Enter.

### Ukurasa wa kivinjari

Kama unachopiga kiko ndani ya ukurasa wa wavuti, kivinjari cha Firefox kina zana yake mwenyewe, kwenye mfumo wowote. Bofya kulia mahali patupu katika ukurasa na uchague kupiga picha ya skrini. Ukipitisha kishale juu ya ukurasa, kila kisanduku, picha au aya hujizungushia fremu. Ukibofya, kingo zinanasa zenyewe bila mkono kutetemeka. Zana hii inaweza pia kuchukua ukurasa mrefu mzima, hata sehemu ambayo hujaiteremkia.

## Hatua ya 4: Bandika mara moja

Nenda pale ulipopafungua mwanzoni na ubonyeze Ctrl na V, au Command na V kwenye Mac. Fanya hivyo kabla ya kunakili kitu kingine chochote.

Picha ikitokea, itazame katika ukubwa wake halisi. Je, herufi ya mwisho kulia ipo? Ukingo wa chini haukukata mstari? Sekunde tano za kukagua hapa zinakuokoa na kutuma picha mara mbili.

Isipotokea, angalia unabandika wapi. Programu za maandishi matupu, kama Notepad, hazipokei picha kabisa. Jaribu kubandika katika barua pepe au hati. Picha ikitokea huko, ulikuwa umefaulu tangu mwanzo.

## Hatua ya 5: Ficha kisichomhusu mtu mwingine

Hata sehemu ndogo ya skrini inaweza kubeba namba ya akaunti, anwani ya barua pepe au jina la mtu ambaye hakuombwa ruhusa. Pitia picha neno kwa neno, kisha fanya hivi kwa mpangilio:

1. Kwanza jaribu kupiga upya ukiacha nje sehemu hiyo. Kilichoachwa nje hakiwezi kufufuliwa.

2. Isipowezekana, chora umbo lililojazwa rangi moja nzito juu ya maneno hayo. Usitumie kalamu ya kuangazia hata ikiwa nyeusi: wino wake unapitisha mwanga, na mtu akiongeza mng'ao wa picha maandishi hujitokeza. Usitumie ukungu wala vigae vya pikseli pia. Vyote viwili huacha mabaki ya umbo la herufi, na kwa namba fupi mabaki hayo yanaweza kutosha kukisia kilichokuwepo.

3. Ukishafunika, piga picha mpya ya ile picha iliyofunikwa ikiwa kwenye skrini, na utume hiyo mpya. Sasa faili lina pikseli zinazoonekana tu, hakuna tabaka la chini.

Ninasisitiza hatua ya tatu kwa sababu ya jambo lililotokea kweli. Mwaka 2023 iligundulika kwamba zana za picha za Windows, ukifungua picha iliyohifadhiwa, ukaikata na kuihifadhi juu ya faili lilelile, hazikufuta mwisho wa faili la zamani. Sehemu ya kile kilichokatwa iliweza kurejeshwa. Kasoro hiyo iliwahi pia kukutwa katika simu za Google Pixel. Marekebisho yalitolewa mwezi Machi mwaka huo, lakini picha zilizosambazwa kabla yake bado ziko huko zilikokwenda.

Na katika Word au PowerPoint jambo hili si kasoro, ndivyo programu zilivyoundwa. Ukibandika skrini nzima ndani ya hati na kuikata humo, sehemu iliyokatwa inafichwa tu. Atakayepokea hati anaweza kubofya picha, akavuta ukingo, na akaona kila kitu. Kama hati imeshaandaliwa hivyo, fungua zana ya kubana picha (Compress Pictures) na uchague kufuta maeneo yaliyokatwa kabla ya kuituma.

## Hatua ya 6: Hifadhi kwa aina inayofaa

PNG na JPEG ni aina mbili za faili la picha. Chagua PNG kwa chochote chenye maandishi, jedwali au vitufe. PNG hutunza kila pikseli kama ilivyo. JPEG hugawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria kilicho ndani yake. Kwa sura ya mtu au mandhari hutaona tofauti, lakini kando ya herufi huacha madoa kama vumbi.

Lipe faili jina linaloeleza: "kosa-la-kuingia-hatua-2" litakusaidia baada ya mwezi, kuliko jina lenye tarehe na saa tu.

Programu nyingi za ujumbe hubana picha zinapotumwa. Kama maandishi ni madogo, tuma faili kama hati, si kama picha.

## Ikigoma

Sehemu ya utafutaji imefunguka kwenye Windows. Shift haikushikwa vizuri. Rudia polepole.

Mac imepiga skrini nzima. Umebonyeza 3 badala ya 4.

PrtSc haifanyi chochote. Kwenye kompyuta ndogo, kitufe hicho mara nyingi hushirikiana na kazi nyingine. Shikilia Fn pamoja nacho. Kwenye Windows 11 unaweza pia kukipa kazi ya kufungua zana ya kuchagua eneo: tafuta mipangilio ya kibodi chini ya Accessibility.

Arifa haikutokea. Huenda umewasha hali ya kutosumbuliwa. Picha bado iko kwenye ubao wa kunakili, bandika tu.

Kinachobandikwa ni maandishi ya zamani. Upigaji ulighairiwa, pengine umebofya bila kuburuta. Ukiona skrini imefifia na haijarudi katika mwanga wake, ujue bado inakusubiri uchague.

Eneo la video limetoka jeusi. Video nyingi za kulipia zina ulinzi unaozuia picha za skrini kwa makusudi, na hakuna mseto wa vitufe utakaobadilisha hilo. Lakini kama video ni yako mwenyewe na bado inatoka nyeusi, zima uharakishaji wa maunzi (hardware acceleration) katika mipangilio ya kivinjari, kifunge, kifungue tena, kisha urudie Hatua ya 3.